Neno "mlokole" limetoka wapi, na mwenyewe ni nani?

Nshomile_Mwanza

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo dogo ambalo limeshakuwa kubwa nyumbani. Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Karagwe, kazi nafanyia Mwanza. Mchumba wangu anasali kanisa moja la kipentekoste hapa mjini. Juzi kwenye kikao cha familia mbili, mzee wa kanisa lao akauliza mbele ya wajomba wote: "Kijana wetu ni mlokole?" Mjomba akajibu, "Ni Mlutheri." Yule mzee akaguna, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Bibi yangu alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, hajatia neno tangu asubuhi. Akasema kitu kwa Kinyambo, na mjomba akakitafsiri kwa upole kuliko kilivyosemwa. Kilichosemwa hasa ni hiki: "Mimi ni mlokole tangu baba wa mchungaji wenu hajaoa."

Sasa bibi ni Mlutheri toka ubatizo, hajawahi kuhama usharika hata siku moja. Na pale kazini kwetu mlokole ni yeyote asiyegusa bia, anayevaa sketi ndefu na kukemea pepo saa ya chai. Je, hili ni jina la dhehebu, la tabia, au la nini? Halafu Kiswahili kina okoa, okoka, Mwokozi, wokovu. Hiyo L ya "mlokole" imeingilia mlango gani? Wajuzi wa dini na lugha tusaidiane, kikao cha pili ni mwisho wa mwezi.

Kipepeo Mweusi

Mlokole ni yule anayekopa kwa jina la Bwana na kulipa kwa imani. Nawahi siti ya mbele, wajuzi wanakuja.

Mwalimu Mstaafu, Muleba

Marahaba mwanangu. Mpe bibi salamu zangu, mwambie kuna mzee huku Muleba anasema yuko sahihi.

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na nimekulia nyumba ya walokole, kwa hiyo nitajibu pande zote mbili. Vumilia urefu.

Nianze na L yako. Neno ni la Kiganda. Kiganda husema *okulokola*, kuokoa, *okulokoka*, kuokoka, *Omulokozi*, Mwokozi. Huku Kagera utakuta watu wanaitwa Mulokozi, ni jina la kawaida kabisa. Aliyeokolewa ni *omulokole*, wengi wao *abalokole*. Kiswahili kikachukua shina zima kama lilivyo, kikavua aba-, kikavisha wa-. Hiyo -e ya mwisho nayo tunayo: aliyetumwa ni mtume, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyeteuliwa ni mteule. Mlokole amekaa safu hiyohiyo: ni mtu aliyetendewa jambo.

Utauliza kwa nini wasitafsiri tu. Jibu liko kwenye ramani. Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya walisoma Biblia ya Kiganda na kuimba nyimbo za Kiganda kabla hawajawa na vitabu vyao wenyewe. Kwa mzee wa kanisa wa Bukoba enzi hizo, *abalokole* halikuwa neno geni hata kidogo. Lilipovuka kwenda bara kwa Wagogo na Wasukuma ndipo likawa neno la ajabu, na huko ndiko lilikovaa nguo ya Kiswahili.

Sasa watu wenyewe. Chanzo kinachotajwa sana ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, ambako daktari Mwingereza Joe Church alifika mwaka 1928. Alikuta njaa kali, ile Wanyarwanda wanayoiita Rwakayihura. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia siku kadhaa wakitafuta kila mahali inapomtaja Roho Mtakatifu. Daktari alirudi Gahini mtu mwingine. Nsibambi naye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini na kuwasha moto uleule, kisha akafa ghafla kwa homa Januari 1936, wakati alikuwa amejiandaa kuiambia sinodi ya Kanisa la Uganda neno moja: *Zukuka*, amka. Wenzake wakalibeba hilo neno. Ndiyo maana tunasema Uamsho.

Kule Rwanda kundi la Gahini liliitwa pia *Abaka*, wanaowaka. Ukiniuliza mimi, hilo lilikuwa jina bora, lakini majina hayachaguliwi kwa kura. Walokole lilikuwa jina la kejeli. "Tazama hao waliookolewa!" kana kwamba wengine wote kanisani wamezama. Wenyewe wakalivaa, wakatembea nalo. Someni Matendo 11:26, Wakristo nao waliitwa hivyo na watu wa Antiokia, hawakujibatiza jina.

Kijana, hapa ndipo utakapomjibia mzee mwenye daftari. Walokole wale hawakuanzisha kanisa. Muanglikana alibaki Muanglikana, Mlutheri akabaki Mlutheri. Jumapili walikaa kwenye mabenchi yaleyale na kutoa sadaka kwenye kapu lilelile, halafu katikati ya wiki wakakutana nyumbani kwa mmoja wao kwa ushirika. Hakukuwa na kadi ya uanachama wala rejista. Mchungaji akija ushirika alikaa chini kama wengine, na mpishi wake akiwa na neno la kumwambia, alimwambia. Ndicho kilichowaudhi wakubwa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 walokole, akiwemo William Nagenda, kwa sababu ya ibada zao za alfajiri na kuhubiri kwao waziwazi kinyume cha amri ya mkuu wa chuo. Na hao waliofukuzwa hawakwenda kufungua kanisa lao barabara ya pili. Nagenda alizunguka nchi nyingi akihubiri, na alibaki ndani ya kanisa lilelile.

Niwape ninachokikumbuka nikiwa mtoto. Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Kwenye jiwe la mizani alikuwa amebandika kipande cha risasi kwa nta, upande wa chini usioonekana. Jiwe likiwa zito, kahawa ya mkulima husoma pungufu. Kila gunia linaacha kilo kadhaa, na hizo kilo zina mwenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya bati wakati majirani ni ya nyasi, sasa mnajua kwa nini. Siku moja timu ya walokole ikaja, Wanyarwanda wawili na Waganda, wakahubiri chini ya mwembe wa shule. Baba alienda kuwacheka. Usiku ule hakulala. Wiki iliyofuata alisimama kwenye ushirika, akalitoa lile jiwe mfukoni likiwa bado na risasi yake, akaliweka mezani. Watu wakaimba *Tukutendereza Yesu*, wakamkumbatia mmoja mmoja.

Kuimba kulikuwa rahisi, kazi ilikuja baadaye. Alipanda baiskeli nyumba kwa nyumba kuwaeleza aliowaibia na kuwalipa kidogokidogo kutoka kwenye kahawa yake mwenyewe. Mmoja alimfungulia mbwa. Wengine walimpokea, wakamletea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Mama alilia sana, na sikumbuki kama ilikuwa furaha. Ile hela ilikuwa ya ada yetu. Kwenye harusi za ukoo baba akawa haonji rubisi, pombe yetu ya ndizi, tena, na wajomba wakamwita *omulokole* kwa kubinya pua. Alikufa Mlutheri, akazikwa na usharika wake, na *Tukutendereza* iliimbwa kaburini kwa Kiganda, kwenye msiba wa Wahaya, na hakuna aliyeomba tafsiri.

Huo wimbo asili yake ni wa Kizungu, ukatafsiriwa Kiganda. Maana yake "Tunakusifu Yesu", na ndani yake mna *Mulokozi*, kwa hiyo waliokuwa wakiimba walikuwa wakilitaja shina la jina lao kila siku.

Kama mzee wa daftari anadhani Mlutheri na mlokole haviendi pamoja, mtajie Josiah Kibira. Aliokoka katika Uamsho akiwa kijana, mwaka 1964 akawa askofu wa Bukoba akipokea kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler, na mwaka 1977, kwenye mkutano wa Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Mlutheri gani zaidi ya huyo? Na mlokole gani zaidi?

Jakisumo

Mwalimu nimekusoma mara mbili. Sisi huku Kenya "mlokole" hatulitumii sana, tunasema fulani ameokoka, ama ni wa uamsho. Lakini Nyanza kuna majina yanayofanana na hayo ya kejeli. Nyanya yangu alikuwa *Joremo*. Kwa Kijaluo *remo* ni damu, kwa hivyo Joremo ni watu wa damu, kwa vile kila ushuhuda wao ulikuwa damu ya Yesu, damu ya Yesu. Wale waliokosana nao ndani ya Anglikana wakaitwa *Johera*, watu wa upendo. Mwaka 1957 Johera wakatoka pamoja na Matthew Ajuoga, wakaunda Church of Christ in Africa. Umeona mambo? Watu wa upendo ndio waliotoka, watu wa damu wakabaki! Mpaka leo kwetu kuna boma moja lenye makaburi ya pande zote mbili, na wazee wanakuonyesha: huyu Joremo, huyu Johera.

Na Ukikuyuni wakati wa Mau Mau watu wa uamsho waliteseka. Walikataa kiapo wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu, hawawezi kuongeza ya mbuzi. Baadhi waliuawa kwa neno hilo. Na wengi wao walikataa pia bunduki ya mzungu.

Askari wa Imani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwalimu, kwa heshima zote, naona unatuvua jina. Mimi nimeokoka kwenye mkutano wa injili, nikabatizwa kwa maji mengi, najitambulisha mlokole, na mtaani kwangu kila mtu ananijua kwa jina hilo. Biblia haisemi waliookoka wakae kwenye dhehebu gani. Matendo 2:47, Bwana alilizidisha kanisa kwa wale waliokuwa wakiokolewa. Kama neno maana yake ni aliyeokolewa, basi ni letu sote. Na tuwe wakweli, hao Walutheri wa leo wangapi wanasimama kushuhudia? Uamsho ulipopoa huko, moto ulihamia kwetu.

Mwalimu Mstaafu, Muleba

Amina ndugu. Sikuvui jina, litumie. Hata Uganda leo ukisema *abalokole* watu wengi wanafikiria wapentekoste kwanza, lugha imeshakwenda huko na hairudi. Kwetu hata Wakatoliki wa karismatiki wanaitwa "walokole wa Katoliki", na wengine wanakasirika.

Ninachokataa ni kitu kimoja: kulitumia jina kama geti. Mzee wa daftari hakuuliza kama kijana ameokolewa. Aliuliza kama ni wa kwao. Hayo ni maswali mawili, na la pili lina jina lake tayari, linaitwa dhehebu. Mlokole wa zamani angemuuliza kijana: umetengeneza na nani uliyemkosea? Baba yangu aliulizwa hilo na Mnyarwanda ambaye hata Kihaya hakukijua vizuri.

Kuhusu kupoa, hapo umenishika mkono, sina ubishi. Vikundi vingi vya ushirika vimebaki na wazee na wajane. Hata wenyewe kwa wenyewe waligawanyika: Uganda miaka ya 1970 baadhi walijiita *Abazuukufu*, walioamshwa tena, wakiwaona wenzao wamelala.

Mtu wa Michenzani

Asalaam alaykum. Mie Muislamu, nimepita tu, lakini uzi mtamu nimekaa. Kwetu Unguja ukilitamka neno "Uamsho", hakuna atakayefikiria Gahini. Watu watafikiria Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu, ambayo masheikh wake walikaa mahabusu miaka mingi hadi walipoachiwa 2021. Nilipoona hapo juu "nyanya yangu wa uamsho" nikashtuka kidogo, nikadhani bibi wa watu naye alikuwa ndani.

Swali langu kwa Mwalimu: hao walokole wa mwanzo waliwapata Waislamu pia, au yalikuwa mambo ya ndani ya kanisa tu?

Mwalimu Mstaafu, Muleba

Waalaykum salaam. Zaidi yalikuwa ya ndani, walihubiri wakristo wa jina. Lakini wapo. Yohana Omari alizaliwa katika Uislamu, akawa mtu wa Uamsho, na mwaka 1955 akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Aliwekwa Namirembe palepale, pamoja na Wakenya Festo Olang' na Obadiah Kariuki. Kariuki naye alikuwa mtu wa Uamsho, na wake zao yeye na Jomo Kenyatta walikuwa ndugu. Jakisumo atakuwa anajua.

Dodoma nayo ilikuwa na mwalimu wa shule kutoka Kigezi, Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu na akalazimika kukimbia Uganda baada ya Idi Amin kumuua Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977. Wote wawili walokole, wote wawili Waanglikana mpaka kufa.

Kipepeo Mweusi

Nimekuja kuchekesha, nimepewa darasa la bure. Mwalimu, lile jiwe la mizani liko wapi sasa?

Mwalimu Mstaafu, Muleba

Chama walilichukua, wakabandua risasi, wakaendelea kulitumia. Lilikuwa jiwe zuri.

Nshomile_Mwanza

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimemsomea bibi kwa simu, nikitafsiri kwa Kinyambo changu cha mjini. Nilipofika kwenye baiskeli na mbwa akaniambia nyamaza kwanza, akacheka peke yake kwa muda, halafu akasema yeye alirudisha jembe na mtungi wa jirani, lakini jirani akakana kwamba viliwahi kupotea.

Kanisa la kwao sina ugomvi nalo, mchumba wangu namtaka. Swali la mwisho. Kwenye kikao kijacho nimwache bibi aseme mwenyewe, au mjomba asome maelezo haya?

Mwalimu Mstaafu, Muleba

Mwache bibi. Mjomba atafsiri, ila safari hii atafsiri kilichosemwa.

Ushauri mmoja tu wa kiufundi. Mzee wa daftari akimuuliza bibi ameokoka lini, atampa siku, mwezi, mwaka, mahali na nani alikuwa akihubiri. Walokole wa zamani hawasahau tarehe. Luwum mwenyewe alikuwa akitaja ya kwake, 6 Januari 1948. Baada ya tarehe unafuata ushuhuda, na ushuhuda wa bibi wa Karagwe hauna dakika kumi. Kwa hiyo ajenda ya mahari iwekeni mwanzoni, na chakula kiwe tayari jikoni kabla hajasimama.

Askari wa Imani

Mwalimu hapo umesema kweli, hata kwetu wapo wa hivyo. Nshomile, kikao kikiwa Mwanza nitumie ujumbe wa faragha, nije nimsikie bibi. Daftari nitaacha nyumbani.